Tupime Mtiririko wa Damu Kabla ya Kupandikiza Mshipa wa Moyo

Ndugu Mwenyekiti, madaktari wenzangu wa tiba na wa upasuaji, wauguzi na mafundi sanifu wa kathilabu (chumba cha kupimia mishipa ya moyo), wanafunzi wetu wa udaktari, na ninyi ndugu wa wagonjwa mlioacha shughuli zenu ili mkae nasi mchana huu: itifaki yote ikiwa imezingatiwa, naomba nianze na swali nililoulizwa na mgonjwa, kwa kuwa ndilo lililonileta mbele yenu.

Alikuwa mama wa zaidi ya miaka 60, mwenye kisukari cha siku nyingi, niliyempandikiza mishipa mitatu ya damu kwenye moyo nilipokuwa bado mchanga katika kazi hii, katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja. Picha za anjiografia, zinazopigwa baada ya kuingiza dawa ya kuonyesha mishipa ya moyo, zilionyesha mbano mkali kwenye mshipa mkuu wa mbele, mbano mkali mwingine kwenye mshipa wa kuzunguka, na kwenye mshipa wa kulia mbano uliokadiriwa kwa macho kuwa asilimia 60. Palipokuwa na mbano nilishona pandikizi, yaani mshipa wa kuipitisha damu pembeni ya mbano, kama nilivyofundishwa. Maumivu ya kifua yalikwisha, familia ikashukuru, nami nikaridhika. Lakini kidonda cha mguu, pale nilipochanja kuanzia kwenye kifundo hadi juu ya goti ili nipate vena ndefu ya kutosha mapandikizi mawili, kilichukua zaidi ya miezi miwili kupona, na kila alipokuja kliniki muuguzi alifungua bandeji akakuta usaha. Baada ya mwaka mmoja tulimpiga picha ya CT. Pandikizi nililolipeleka kwenye mshipa wa kulia lilikuwa limeziba lote, huku mshipa wake mwenyewe wa kulia ukiendelea kupitisha damu bila shida yoyote. Nilipomweleza, alinitazama kwa upole akaniuliza, "Mwanangu daktari, sasa ule mshipa wa mguuni kwangu ulikwenda kufanya kazi gani?"

Sikuwa na la kumjibu siku ile. Leo ninajua kwamba mshipa ule haukuwa na kazi ya kufanya, kwa sababu misuli ya moyo iliyolishwa na mshipa wa kulia haikuwa na njaa ya damu, nasi tulikuwa na njia ya kulijua jambo hilo kabla ya kushika kisu lakini hatukuitumia. Ninachokuja kuwaomba leo ni kwamba mgonjwa anapokwenda kwa daktari wa upasuaji, asiende na picha peke yake. Aende pia na vipimo vya mtiririko wa damu kwa kila mshipa ambao picha imetuachia shaka.

Tusiibeze picha, maana upasuaji huu umezaliwa na picha. Mwaka 1958, katika Kliniki ya Cleveland nchini Marekani, dawa ya kuonyesha mishipa iliingia bila kukusudiwa moja kwa moja katika mshipa wa kulia wa moyo wa mgonjwa aliyekuwa mikononi mwa daktari Mason Sones. Mgonjwa alinusurika, na dunia ikapata njia ya kuiona mishipa ya moyo wa mtu aliye hai. Miaka 9 baadaye, katika hospitali hiyo hiyo, daktari René Favaloro kutoka Argentina alianza kutumia vena ya mguuni kuipatia damu njia ya mchepuko. Tangu hapo mazoea yetu yamekuwa kuitazama picha, kukadiria mshipa umebanwa kwa asilimia ngapi, kisha kushona pandikizi ng'ambo ya kila mbano unaozidi asilimia 50 au 70, kulingana na mkono uliomlea daktari husika.

Ila picha ya anjiografia ni kivuli cha uwazi uliomo ndani ya mshipa, nacho kivuli hutegemea upande uliosimama. Wapeni madaktari wawili wazuri filamu moja, mmoja atasema asilimia 50 na mwingine 70, na wote wawili watakuwa wameangalia kwa makini. Zaidi ya hapo, hata kama tungeupima uwazi huo bila kukosea, bado tusingejua kama misuli iliyo mbele ya mbano inapata damu inayoihitaji. Mbano wa asilimia 60 mwanzoni mwa mshipa mkuu wa mbele, unaolisha ukuta mzima wa mbele wa moyo, unaweza kuwa na madhara makubwa, na mbano kama huo huo kwenye tawi dogo, au kwenye mshipa unaokwenda kwenye misuli iliyokwisha kufa kwa shambulio la zamani, usiwe na madhara yoyote.

Mwaka 1974 Lance Gould na wenzake walionyesha kwa mbwa jambo ambalo kila mmoja wetu anapaswa kuwa nalo kichwani. Moyo ukiwa umepumzika, damu inaendelea kupita kwa kiwango cha kawaida mpaka mshipa ufikie kubanwa kwa takriban asilimia 85. Lakini moyo unapodai damu nyingi kadiri iwezekanavyo, upungufu huanza kuonekana mshipa ukiwa umebanwa kwa karibu nusu tu. Wenye nyumba zinazotumia tangi la juu wanalielewa hili bila somo la fiziolojia. Bomba lililojaa kutu ndani litakujazia ndoo vizuri tu asubuhi, ukiwa peke yako. Subiri siku ya shughuli, wageni wamejaa, jikoni wanaosha vyombo, bafuni watu wanaoga na nje mtu anajaza pipa. Hapo ndipo utajua bomba lako lina uwezo gani. Kipimo cha mtiririko kinafungua mabomba yote ya moyo kwa makusudi, kwa dakika chache, mgonjwa akiwa amelala mbele yetu, ili tuone mshipa uliobanwa unafika wapi.

Kipimo chenyewe tunakiita kwa herufi tatu, FFR, kifupi cha maneno ya Kiingereza fractional flow reserve, na msingi wake uliwekwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Nico Pijls wa Uholanzi na Bernard De Bruyne wa Ubelgiji. Wenzangu wa kathilabu wanakifahamu kuliko mimi, ila nawaomba waniruhusu nikieleze kwa ajili ya walio wageni. Waya laini wenye unene wa takriban milimita 0.36, ulio na kifaa cha kupima shinikizo karibu na ncha yake, hupitishwa ndani ya katheta, yaani mrija mwembamba, mpaka kwenye mdomo wa mshipa wa moyo. Hapo daktari husimama kwanza. Kwenye skrini kuna mistari miwili inayopanda na kushuka, mmoja wa shinikizo la aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, linalosomwa kupitia katheta na mwingine wa shinikizo linalosomwa na waya, na fundi huisawazisha mpaka ilale mmoja juu ya mwingine. Kisha waya huvuka mbano. Dawa ya adenosini huanza kuingia kwa kiasi cha mikrogramu 140 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa kwa dakika, na muuguzi huinama karibu na sikio lake akamwambia, "Baba, sasa utahisi kifua kinabana na pumzi inakuwa fupi, na uso utapata joto, ni dawa, haitakaa, itapita." Mistari iliyokuwa pamoja huanza kuachana. Ikiwa shinikizo la aota ni 90 na shinikizo ng'ambo ya mbano limeshuka hadi 63, tunagawanya, tunapata 0.70. Maana yake ni kwamba, moyo unapodai damu kwa nguvu zake zote, misuli ile inapata asilimia 70 ya damu ambayo ingeipata kama mshipa usingekuwa na mbano. Tukipata 0.80 au chini yake tunasema mbano una madhara. Tukipata zaidi ya hapo, mshipa unajitosheleza. Shinikizo linaweza kusimama badala ya mtiririko kwa sababu adenosini imeilegeza mishipa midogo yote, ukinzani wake umefika chini kabisa na kutulia, na katika hali hiyo mtiririko na shinikizo huenda sambamba.

Sasa nawaomba mtulie kidogo kwenye takwimu za utafiti wa FAME, uliochapishwa mwaka 2009 na kuhusisha wagonjwa 1,005 wa Marekani na Ulaya. Ulihusu stenti, yaani vijibomba vya kutanua mshipa uliobanwa, lakini uchambuzi wake unatugusa sisi wa upasuaji moja kwa moja. Mibano iliyokadiriwa kwa macho kuwa kati ya asilimia 50 na 70 ilipopimwa, asilimia 35 tu ndiyo iliyokuwa na madhara. Kati ya asilimia 71 na 90, ni asilimia 80 iliyokuwa na madhara, maana yake mmoja katika kila mitano haukuwa nayo. Na miongoni mwa wagonjwa ambao picha iliwaonyesha wana ugonjwa katika mishipa yote mitatu, vipimo vilithibitisha mishipa mitatu kwa asilimia 14 peke yao. Wengine walikuwa na mishipa miwili au mmoja wenye shida, na asilimia 9 hawakuwa na hata mmoja. Kila ninapozisoma takwimu hizi namkumbuka yule mama, na mshipa wake wa kulia wa asilimia 60.

Mtu anaweza kuniuliza, kuna ubaya gani kushona pandikizi la ziada, maadamu kifua kimekwisha kufunguliwa? Nami nilifikiri hivyo kwa miaka. Waliokulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro wanaijua mifongo, ile mifereji ya asili inayoleta maji mashambani. Shamba likiwa na mfongo mzuri, halafu ukachimba wa pili karibu nao, maji hayatagawanyika sawa kwa sababu tu wewe umetoa jasho. Yatafuata njia yao, na mfongo mpya utakaa na maji yaliyolala, uingiwe na tope, uote nyasi, na mwishowe ufukike. Pandikizi linaloshonwa kwenye mshipa ambao bado unapitisha damu ya kutosha linapatwa na jambo hilo hilo. Damu ya mshipa wa asili inakutana na damu ya pandikizi, zinasukumana, mwendo ndani ya pandikizi unapungua, na pandikizi linajifunga. Ateri ya ndani ya kifua, ambayo ndiyo hazina yetu kubwa kuliko zote, husinyaa ikawa nyembamba kama uzi. Mwaka 2007 watafiti wa Eindhoven, Uholanzi, waliwapima wagonjwa 164 kabla ya upasuaji na kuwaangalia tena baada ya mwaka mmoja: mapandikizi yaliyokwenda kwenye mibano yenye madhara yalikuwa yameziba kwa asilimia 8.9, na yale yaliyokwenda kwenye mibano isiyo na madhara kwa asilimia 21.4. Kwa mapandikizi ya ateri hadhari inatakiwa kuwa kubwa zaidi, na utafiti wa mwaka 2019 uliyahusu hayo peke yake ukapendekeza mpaka wa FFR wa 0.78.

Vena na ateri tunazozitoa mwilini ni mali ya mgonjwa, tena ni chache. Mguu una vena moja ndefu nzuri. Ukiitumia leo mahali isipohitajika, na baada ya miaka 10 mgonjwa akarudi na mshipa mwingine ulioziba kwelikweli, utamwambia nini?

Nisiwapotoshe, ushahidi wa upande wetu bado ni mdogo kuliko wa upande wa stenti. Uchambuzi wa hospitali ya Aalst, Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2013 na kuhusisha wagonjwa 627, ulionyesha kwamba waliopangiwa upasuaji kwa msaada wa vipimo walishonewa mapandikizi machache na walikuwa na maumivu ya kifua kidogo zaidi katika miaka iliyofuata, wakati vifo na mashambulio ya moyo havikutofautiana. Lakini majaribio mawili yaliyowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, moja la wagonjwa 100 na jingine la wagonjwa 172, yaliyochapishwa mwaka 2018 na 2019, hayakuonyesha tofauti katika idadi ya mapandikizi yaliyobaki wazi. Yalikuwa majaribio madogo, na hayakuwa na uwezo wa kutueleza habari za vifo. Kwa hiyo sitasimama hapa niseme kwamba kipimo hiki kinaokoa maisha ya mgonjwa wa upasuaji. Ninachosema ni kwamba upasuaji unakuwa mwepesi, mishono inapungua, mguu au mkono unaachwa salama, na hakuna lililopotea kwa mgonjwa katika majaribio hayo yote. Kwa mgonjwa wa kisukari mwenye miguu isiyopona upesi, hayo peke yake yananitosha.

Wala asitoke mtu hapa akidhani kipimo kitaufuta upasuaji. Utafiti wa FAME 3 ulilinganisha stenti zilizoongozwa na FFR na upasuaji wa kupandikiza kwa wagonjwa 1,500 wenye ugonjwa wa mishipa mitatu, na katika mwaka wa kwanza matukio mabaya yalikuwa asilimia 10.6 upande wa stenti na asilimia 6.9 upande wa upasuaji. Kazi yetu ipo. Tunachotakiwa ni kuifanya mahali panapostahili.

Kuna faida nyingine isiyozungumzwa sana, nayo huonekana ndani ya chumba cha upasuaji. Baada ya kushona, tunapima mtiririko ndani ya pandikizi kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, kinachoukumbatia mshipa kama bangili ndogo iliyo wazi upande mmoja. Tunapenda kuona zaidi ya mililita 20 kwa dakika, na kipimo cha msukumo (tofauti ya mtiririko wa juu na wa chini ikigawanywa kwa wastani) kilicho chini ya 5. Sasa fikirieni saa ile: moyo umerudi kudunda, fundi wa mashine ya moyo na mapafu anasubiri neno lako, na skrini inaonyesha mililita 8. Je, nimeshona vibaya, au ni mshipa wa asili unaosukumana na pandikizi langu? Unaweza kuubana mshipa wa asili kwa kitanzi kwa muda mfupi uone kama mtiririko utapanda, lakini kama ulikuwa na FFR ya mshipa huo tangu awali, ungekuwa na nusu ya jibu mkononi kabla hujaingia. Ikiwa ilikuwa 0.68, basi kosa litafute kwenye mshono wako, ufungue na urudie. Ikiwa ilikuwa 0.88, basi pandikizi lile halikupaswa kuwepo. Nimeshuhudia mishono mizuri ikifumuliwa bure, dakika 20 zikiongezeka kwenye mashine, kwa sababu tu hapakuwa na mtu mwenye namba.

Kipimo nacho kina maradhi yake, na ninyi wa kathilabu ndio walinzi. Waya unaweza kuhama katika usomaji wake, ndiyo maana baada ya kupima urudishwe mpaka mdomoni mwa mshipa kuhakiki kwamba mistari bado inalala pamoja; kama imeachana, kipimo kirudiwe, hata kama foleni ni ndefu. Katheta iliyoziba mdomo wa mshipa hutoa namba ya uongo yenye kutuliza moyo. Kafeini hushindana na adenosini, kwa hiyo mgonjwa aambiwe mapema aache chai na kahawa, na aambiwe kwa maneno anayoyaelewa, maana wengi wetu hapa hatuihesabu chai ya asubuhi kuwa ni kitu. Mwenye pumu asipewe adenosini kwa mazoea. Kwa huyo vipo vipimo vya moyo uliopumzika, visivyohitaji dawa hiyo, ambavyo mpaka wake ni 0.89 na ambavyo tafiti mbili kubwa za mwaka 2017 zilionyesha havizidiwi na FFR katika kuongoza uwekaji wa stenti. Mibano miwili iliyofuatana katika mshipa mmoja husingiziana, na kila mmoja huuficha mwenzake. Na pale shambulio la moyo likiwa bado bichi, mishipa midogo haitalegea inavyopaswa, namba itatoka kubwa kuliko ukweli.

Najua kwamba waya ni ghali na hutumika mara moja. Hoja hiyo nzito naijibu hivi: hatuhitaji kupima kila kitu. Mbano wa asilimia 95 wenye maumivu dhahiri hauna haja ya waya, na mshipa ulioziba kabisa tusiusumbue. Tupime ile ya katikati, hasa mshipa wa kulia ambao mapandikizi yake huwa na bahati mbaya zaidi, na tupime siku ile ile ya anjiografia ya kwanza, mgonjwa akiwa bado mezani na katheta ikiwa bado ndani. Miaka ile wagonjwa wetu walipopelekwa India, maamuzi haya yalifanywa na wengine mbali nasi. Tangu huduma hii iliposimama hapa Dar es Salaam, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilipoanzishwa mwaka 2015, uamuzi wa kupima au kutopima ni wetu. Mgonjwa anapofika kliniki ya upasuaji na diski ya picha tu, wiki tatu baada ya anjiografia, kumrudisha mezani kwa ajili ya namba moja ni gharama ya pili, hatari ya pili na safari ya pili kwa mtu aliyetoka Kigoma kwa basi. Katika nchi nyingine wameanza kukokotoa mtiririko kutoka kwenye picha ya CT bila waya, na mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 114 waliopangiwa upasuaji kwa njia hiyo bila anjiografia ya kawaida, ukaonyesha kwamba jambo hilo linawezekana kwa karibu wote. Hilo litatufikia. Kwa sasa tuna waya.

Ombi langu kwa wenzangu wa kathilabu ni karatasi moja. Chora mishipa mitatu kwa kalamu, weka alama penye mbano, na kando ya kila alama andika namba na mahali waya uliposimama uliposoma. Niletee karatasi hiyo pamoja na diski.

Karatasi ya namna hiyo ninayo mfukoni, ya baba mmoja fundi seremala tutakayemfanyia upasuaji kesho asubuhi. Picha inaonyesha mishipa mitatu. Mshipa wa mbele umeandikwa 0.66, wa kuzunguka 0.74, na wa kulia, unaoonekana kwa macho kuwa umebanwa kwa asilimia 60 au zaidi kidogo, umeandikwa 0.91. Ateri ya ndani ya kifua itakwenda mbele, kipande kifupi cha vena kutoka pajani kitakwenda kwenye mshipa wa kuzunguka, na wa kulia tutauacha na dawa zake. Mguu wake, kuanzia goti kushuka chini, hautaguswa. Jana jioni mkewe aliniuliza atarudi kwenye benchi lake la useremala baada ya muda gani, na anafanya kazi akiwa amesimama. Nilimweleza kuhusu mfupa wa kifua, na kuhusu mguu sikuwa na la kumtahadharisha ila kidonda kidogo cha pajani.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na wauguzi wa kathilabu.